Urefu wa Mtutu wa Bastola na Tofauti za Miundo: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Leseni

Nchini Kenya, taarifa za polisi zimelizoeza sikio la kila mtu jina la "Ceska", kana kwamba ni bastola moja yenye umbo moja. Ukweli ni kwamba Ceska ni ufupisho wa jina la kiwanda cha Česká zbrojovka cha nchini Cheki, ambacho kimetengeneza bastola nyingi: ndefu na fupi, nzito na nyepesi, zenye mtutu unaotembea na zenye mtutu uliokazwa palepale. Mtu anayesema "nina Ceska" bado hajaniambia anachokimiliki. Vivyo hivyo, mtu anayesema "yangu ni ya inchi nne" hajaniambia mengi, mpaka nijue inchi hizo zimepimwa kutoka wapi hadi wapi na zimefungwa ndani ya muundo gani.

Mwongozo huu ni kwa mwenye leseni anayetaka kuchagua bastola, kwa mlinzi aliyekabidhiwa silaha na mwajiri wake, na kwa mlenga shabaha wa mashindano. Nimewafundisha watu wa makundi yote matatu, na kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni lile la kuitazama tarakimu ya mtutu peke yake. Wazee wa lugha huuita mtutu kasiba. Mimi nitasema mtutu, kwa kuwa ndilo neno la uwanjani na dukani.

Hatua ya kwanza: hakikisha bastola ni tupu

Kabla ya kipimo chochote, chomoa magazini, yaani kile kibweta cha risasi kinachoingia kwenye mpini, kisha vuta slaidi, yaani kile chuma cha juu kinachoteleza nyuma na mbele, uifungie nyuma, uangalie chemba, yaani sehemu ambamo risasi hulala ikisubiri kufyatuliwa, kwa macho na kuipapasa kwa ncha ya kidole. Mpangilio huo haubadilishwi. Ukivuta slaidi kabla ya kuchomoa magazini, risasi ya chemba itaruka nje, na slaidi ikirudi itapakia nyingine kutoka chini, nawe utaamini bastola ni tupu ilhali imejaa. Rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, nayo hufunguliwa silinda hiyo, na kila tundu huangaliwa moja moja. Risasi zikae chumba kingine, si pembeni ya meza unayofanyia kazi.

Hatua ya pili: pima mtutu kwa njia inayoufaa

Katika bastola ya magazini, urefu wa mtutu huanzia mdomoni na kuishia kwenye uso wa slaidi unaoegemea kitako cha risasi, slaidi ikiwa imefungwa. Maana yake ni kwamba chemba imo ndani ya kipimo. Katika rivolva, kipimo huanzia mdomoni na kuishia pale mtutu unapokomea mbele ya silinda, kwa hiyo chemba, ambazo zimo ndani ya silinda, hazihesabiwi kabisa.

Tofauti hii si ndogo. Chukua Glock 19, ambayo mtutu wake ni milimita 102, karibu inchi nne kamili. Risasi yake ya 9×19, yaani ya kipenyo cha milimita 9, ina ganda la urefu wa takriban milimita 19, na ganda hilo lote limelala ndani ya mtutu. Toa 19 kutoka 102: kichwa cha risasi kinabakiwa na takriban milimita 83 za kusukumwa baada ya kutoka kwenye ganda. Sasa chukua rivolva ya inchi nne, kwa mfano Smith & Wesson Model 10. Hiyo ina inchi nne zote za mtutu, na bado kichwa cha risasi husafiri kidogo ndani ya silinda kabla ya kuufikia mtutu wenyewe. Kinachopunguza faida hiyo ni upenyo mwembamba ulioko kati ya silinda na mtutu, usiofikia hata nusu milimita, ambapo sehemu ya gesi huvuja. Kwa sababu hiyo, inchi nne za rivolva na inchi nne za bastola ya magazini hazilinganishwi kama mita mbili za kitambaa kilekile.

Njia ninayoipendelea ya kupima ni kuifungua bastola kama inavyofunguliwa kwa usafi, kuutoa mtutu, kuulaza juu ya kitambaa cheupe na kuupima kwa kalipa au kwa rula yenye milimita. Mtutu ukiwa nje, hakuna uwezekano wa kitu kufyatuka, na utaona mambo ambayo katalogi haiyaonyeshi: unene wa ukuta wake, mifereji ya msokoto ndani yake, na umbo la chuma kilicho chini ya chemba, ambalo nitalirudia hapa chini kwa sababu ndilo linaloeleza tabia ya bastola nzima. Kama mtutu hautoki, kama ilivyo kwa Makarov, usilazimishe. Chukua kipimo kutoka kwenye kitabu cha kiwanda. Makarov ni milimita 93.5.

Katalogi za Marekani huandika inchi na za Ulaya huandika milimita. Inchi moja ni milimita 25.4, na ni vyema uhesabu mwenyewe badala ya kukubali tarakimu iliyokadiriwa na muuzaji.

Hatua ya tatu: jua urefu unabadilisha nini katika kasi

Baruti inapowaka hugeuka gesi, na gesi hiyo huendelea kukisukuma kichwa cha risasi kwa muda wote kinapokuwa bado ndani ya mtutu. Mtutu ukiwa mrefu zaidi, kusukumwa huko hudumu zaidi. Hata hivyo baruti ya bastola huwaka upesi, na shinikizo hushuka kadiri kichwa kinavyosonga mbele, kwa hiyo milimita kumi za kwanza zina thamani kubwa kuliko milimita kumi za mwisho. Kwa risasi ya 9×19, inchi moja ya mtutu aghalabu huongeza au kupunguza kati ya mita 8 na 15 kwa sekunde, na upungufu huumiza zaidi unaposhuka chini ya inchi tatu na nusu.

Tuseme kichwa cha gramu 8 kinatoka kwa mita 350 kwa sekunde. Nishati yake ni takriban jouli 490. Kikipoteza mita 15, kitatoka kwa mita 335, nayo nishati itakuwa takriban jouli 449. Upungufu huo upo na unapimika, ila haumgeuzi mlengaji mbaya kuwa mzuri wala mzuri kuwa mbaya.

Jihadhari pia na tarakimu ya kasi iliyoandikwa kwenye boksi la risasi. Kanuni za Marekani huijaribu 9×19 kwa mtutu wa inchi nne, ilhali kanuni za Ulaya hutumia mtutu wa majaribio wa milimita 150. Ukilinganisha boksi mbili bila kuangalia mtutu uliotumika, utalinganisha visivyolingana. Kuna jambo jingine ambalo mtu wa mtutu mfupi huliona jioni ya kwanza uwanjani: mmweko mkubwa wa moto mdomoni na mlio mkali zaidi, kwa sababu kichwa hutoka wakati shinikizo la gesi bado liko juu. Anayefikiria bastola fupi kwa ajili ya ulinzi wa usiku na aujaribu mmweko huo gizani, katika uwanja unaoruhusiwa, kabla ya kulipa.

Hatua ya nne: pima umbali kati ya vilengeo

Hapa ndipo mtutu mrefu hutoa faida ambayo mlengaji wa kawaida huiona kwa macho. Vilengeo ni vile vipande viwili vya kulengea, kimoja mbele na kimoja nyuma. Kadiri vinavyokuwa mbali kimoja na kingine, ndivyo kosa dogo la jicho linavyozaa kosa dogo kwenye shabaha.

Hesabu yake ni nyepesi. Gawa umbali wa shabaha kwa umbali wa vilengeo, kisha zidisha kwa kosa. Glock 34 ina milimita 192 kati ya vilengeo, Glock 17 ina 165, Glock 19 ina 153, na Glock 26 ina 137. Tuseme kilengeo cha mbele kimehama kwa milimita moja tu kutoka katikati ya pengo la nyuma, na shabaha iko mita 10. Kwa Glock 34, risasi itapotoka kwa takriban milimita 52. Kwa Glock 17 milimita 61. Kwa Glock 19 milimita 65. Na kwa Glock 26 milimita 73. Sogeza shabaha hadi mita 25, na zile 73 zitakuwa zaidi ya 180, upana unaoweza kuwa tofauti kati ya kupiga na kukosa kabisa.

Zingatia maana ya hesabu hiyo. Haisemi kwamba mtutu mfupi wenyewe hautupi risasi sawasawa. Bastola fupi iliyotengenezwa vizuri, ikibanwa kwenye jiliwa la fundi isitikisike, hukusanya matundu karibu sawa na ndefu. Kinachopungua ni msamaha kwa mkono wa binadamu.

Hatua ya tano: tambua jinsi mtutu unavyofungwa

Hili ndilo jambo ninalowaomba wanafunzi wangu walipe muda kuliko yote, na ndilo linalopuuzwa. Risasi ikilipuka, nguvu ileile inayokisukuma kichwa mbele hulisukuma ganda nyuma. Slaidi lazima icheleweshwe kufunguka mpaka kichwa kimetoka na shinikizo limeshuka, na kila muundo una njia yake ya kuichelewesha.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni ya mtutu uliokazwa kwenye fremu, yaani mwili wa chini wa bastola wenye mpini, ambapo kinachoichelewesha slaidi ni uzito wake na ukali wa springi. Walther PP ya mwaka 1929, PPK iliyoifuata yenye mtutu wa milimita 83, na Makarov iliyoingia jeshini katika Umoja wa Kisovieti mwaka 1951, zote ni za namna hiyo. Kwa kuwa mtutu hautikisiki, hupiga mahali palepale bila taabu, na vipande ni vichache. Gharama yake ni kwamba njia hii hufaa risasi zenye nguvu ya kiasi. Ukitaka 9×19, slaidi italazimika kuwa nzito mno au springi iwe ngumu hata mkono dhaifu ushindwe kuivuta. Watu hushangaa kwamba bastola ndogo ya namna hii, yenye risasi dhaifu, inapiga teke, yaani msukumo wa kurudi nyuma mkononi, kali kuliko bastola kubwa ya 9×19. Sababu ni kwamba mtutu uliokazwa hauna hatua ya kati ya kulipokea teke hilo: slaidi hulipokea papo hapo na kulirudisha mkononi.

Njia ya pili ni ya John Moses Browning, mbunifu wa silaha wa Marekani, na ndiyo iliyoenea duniani kote. Mtutu na slaidi hurudi nyuma pamoja kwa milimita chache zikiwa zimeshikana, kisha sehemu ya nyuma ya mtutu hushuka, slaidi ikaachana nao na kuendelea peke yake. Katika Colt M1911, mtutu hushushwa na kiungo kidogo chenye tundu. Katika Browning Hi-Power ya mwaka 1935, iliyokamilishwa na Dieudonné Saive baada ya Browning kufariki mwaka 1926, kiungo hicho kilibadilishwa kwa chuma kilichochongwa kwa mshazari chini ya chemba. CZ 75 ilifuata njia hiyo ya Hi-Power. Katika Glock, chemba yenyewe ni mraba wa chuma unaojaa kwenye dirisha la kutolea maganda, na mraba huo ndio kufuli. Ukiulaza mtutu wa Glock na wa Hi-Power kwenye kitambaa kimoja utaona tofauti hiyo bila kuambiwa: mmoja una matuta mgongoni yanayoingia kwenye mifereji ya slaidi, mwingine una bega moja pana tu.

Sasa utaelewa kwa nini ufupi una kikomo katika muundo huu. Mtutu lazima uiname ili ujifungue, na mtutu mfupi huinama kwa pembe kubwa zaidi. Slaidi yake ni nyepesi na ina nafasi ndogo ya kusafiri, kwa hiyo hukimbia haraka, na springi lazima iwe kali zaidi. Ndiyo maana Glock 26, yenye mtutu wa milimita 87, hutumia springi mbili, moja ndani ya nyingine, ilhali Glock 17 ya awali hutumia moja. Bastola fupi sana huwa haina subira na risasi dhaifu, mkono uliolegea, au springi iliyochoka. Hukwama pale ambapo ndugu yake mrefu angeendelea. Mwenye bastola fupi na abadilishe springi kwa ratiba ya kiwanda.

Zipo njia nyingine chache. Beretta 92 haiinamishi mtutu; hurudi nyuma ukiwa umenyooka, na kipande kidogo cha chuma chini yake hushuka ili kuifungua slaidi, wazo lililotoka kwenye Walther P38. Beretta Px4 huuzungusha mtutu badala ya kuuinamisha. Heckler & Koch P7 ina mtutu uliokazwa, na gesi inayochukuliwa mtutuni ndiyo huizuia slaidi.

CZ 75 ina jambo moja zaidi la kutazama kwa karibu. Slaidi yake hukimbia ndani ya fremu, si nje yake kama bastola nyingi. Kwa sababu hiyo slaidi huonekana nyembamba na hukaa chini karibu na mkono, na wengi huhisi mdomo hauinuki sana wakati wa kufyatua. Upande wa pili ni kwamba chuma cha kushika wakati wa kuivuta ni kidogo, na mikono yenye jasho huteleza. Jericho ya Israeli, jina jingine linalosikika sana katika habari za Kenya, imetokana na muundo huohuo, hivyo aliyezoea moja hatapotea akikabidhiwa nyingine.

Hatua ya sita: usisahau mpini

Mwanafunzi wangu mmoja, mfanyabiashara, aliitafuta bastola ya mtutu mfupi ili isionekane chini ya shati. Aliipata, na baada ya wiki mbili akarudi akilalamika kwamba bado inachomoza. Nilimwomba asimame kando ya ukuta, nikamwonyesha kwenye kioo kilichokuwa kikichomoza: ulikuwa mpini. Mtutu hulala sambamba na mwili ndani ya suruali. Mpini ndio unaotokeza kiunoni kila mtu anapoinama.

Linganisha tena familia ya Glock. Glock 17 ina kimo cha takriban milimita 139 pamoja na magazini, Glock 19 ina 128, Glock 26 ina 106. Glock 45 ina slaidi na mtutu wa Glock 19, milimita 102, ila mpini wake ni wa Glock 17. Kwa anayebeba bastola nje ya nguo, kwenye ala ya mkanda, huo ni mchanganyiko mwema. Kwa anayeificha, ni kinyume kabisa cha anachokihitaji. Glock 48 nayo ina mtutu wa milimita 106, mrefu kuliko wa Glock 19, na bado hufichika vizuri kwa sababu ni nyembamba. Na namba za mitindo zisikudanganye: 17, 19, 26, 34 na 45 si vipimo vya chochote mkononi.

Jaribu hivi. Shika bastola tupu kama utakavyoishika ukifyatua, kisha angalia kidole kidogo. Kikining'inia bila mahali pa kushika, teke litaugeuza mpini mkononi mwako, na hakuna urefu wa mtutu utakaolitibu hilo.

Hatua ya saba: soma sheria kabla ya kuzisoma inchi

Urefu mwingine haukuamuliwa na fundi bali na bunge. Canada ilipiga marufuku bastola zenye mtutu wa milimita 105 au pungufu, na ndiyo maana kuna Glock 19 iliyotengenezwa kwa soko hilo ikiwa na mtutu wa 106. Uingereza, baada ya sheria ya mwaka 1997, silaha fupi inayopigwa marufuku ni ile yenye mtutu chini ya sentimita 30 au urefu wote chini ya sentimita 60, na hivyo wapenzi wa rivolva huko hutumia zenye mitutu mirefu ajabu. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1968 iliizuia PPK kuingizwa kwa udogo wake. Walther ikaweka slaidi na mtutu wa PPK juu ya fremu ya PP iliyo ndefu kidogo, ikazaliwa PPK/S.

Michezo ina mipaka yake pia. Daraja la Production la IPSC, shirikisho la kimataifa la ulengaji wa vitendo, halikubali mtutu unaozidi milimita 127, na mtutu wa bastola ya kawaida ya mita 25 ya ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya kulenga shabaha, hauvuki milimita 153. Usinunue bastola ya mashindano kabla ya kuwa na kanuni za daraja lako mkononi.

Kenya husimamia silaha kwa Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, kupitia Bodi ya Leseni za Silaha. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mtutu si kipuri cha baiskeli. Kuubadilisha, na hata kuuagiza tu, ni jambo la kuulizia kwa mamlaka ya leseni kwanza, kwa maandishi, na kazi yenyewe ifanywe na fundi aliyesajiliwa. Kuukata mtutu nyumbani ni hatari kwa mkono na ni kesi mahakamani.

Hatua ya nane: amua uwanjani

Omba kujaribu bastola mbili za familia moja, ndefu na fupi, kwa risasi za boksi moja. Weka karatasi mbili mita 7, ufyatue risasi tano kwa kila bastola bila haraka, kisha tano nyingine ukijipa sekunde mbili kwa kila risasi. Pima kwa rula umbali kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi, andika, kisha rudia mita 15. Pumzika dakika kumi na uanze na ile uliyomalizia nayo mwanzo, kwa maana mkono uliochoka huionea bastola ya pili.

Karatasi hizo zitunze pamoja na tarehe. Tofauti kati ya ndefu na fupi ikiwa ndogo mita 7 na kubwa mita 15, basi vilengeo ndivyo vinavyokudai, na mazoezi yatalipa sehemu ya deni hilo. Ikiwa ni kubwa tayari mita 7, hasa katika zile risasi za haraka, rudi kwenye kidole kidogo na mpini kabla ya kumlaumu mtengenezaji wa mtutu.